Mapigo Hayakai Karatasini: Piano ya Kijazi kutoka Sur hadi Nizwa

Mwaka 1984, katika Umoja wa Kisovieti, Nikolai Kapustin alitunga Mazoezi Manane ya Jukwaani, Opus 40. Tangu Steven Osborne wa Uskochi na Marc-André Hamelin wa Kanada walipotoa rekodi za kazi zake mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapiga piano vijana wa nchi nyingi wamekuwa wakijipima kwa mazoezi hayo. Ukiyasikiliza bila kuona karatasi, utadhani mtu anabuni papo hapo katika klabu ya usiku ya New York. Ukiishika karatasi utakuta kila sauti imeandikwa na kila mkazo umetiwa alama.

Sasa tumchukue mwanafunzi wa Oman anayeishi Ibra au Sur, katika Sharqiyah, au Nizwa, katika Dakhiliyah. Anaweza kuwa mjukuu wa familia iliyokaa Unguja au Tabora, ikarejea Oman baada ya mapinduzi ya Januari 1964 au baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Nyumbani bibi bado anazungumza Kiswahili na watoto wanajibu kwa Kiarabu. Anataka kuipiga mojawapo ya kazi hizi mbele ya watu. Anahitaji nini?

Wengi watajibu kwamba anahitaji piano nzuri, mwalimu wa kigeni na vidole vyepesi. Majibu hayo yana ukweli, na makala hii itayapitia moja moja. Lakini ukiuchambua ugumu wenyewe wa muziki huu, utaona kwamba anachopungukiwa zaidi ni wenzake wa kupiga nao.

Ugumu uko wapi hasa

Tuanze na vidole, kwa sababu ndivyo vinavyoogopwa. Zoezi la kwanza, Prelude, linakwenda kasi kwa mwendo unaokaribia samba, na mkono wa kushoto haupumziki. La tatu, Toccatina, linadai sauti ile ile irudiwe haraka sana kwa kubadilisha vidole. La saba, Intermezzo, linamtaka mpigaji akimbize sauti mbili kwa pamoja kwa mkono mmoja. Huu ni ufundi wa shule ya Liszt na Rachmaninov, na Kapustin aliupata kwa njia rasmi: alisoma Konsevatori ya Moscow chini ya Alexander Goldenweiser. Ugumu wa namna hii una dawa inayojulikana, nayo ni mazoezi ya polepole, vidole vilivyopangwa mapema na subira.

Tabaka la pili ni uhuru wa mikono. Mkono wa kushoto mara nyingi unafanya kazi ya watu wawili: unatembeza besi na papo hapo unaitikia katikati ya mapigo, kama afanyavyo mpiga gitaa katika bendi. Mkono wa kulia unakimbia juu yake, na mikazo yake inaangukia mahali ambapo mkono wa kushoto haupo. Aliyezoea muziki ambao pigo la kwanza ndilo zito hujikuta akizisahihisha nota bila kujua, akiurudisha mkazo kwenye pigo. Sauti zote zinakuwa sahihi, na muziki unakufa.

Tabaka la tatu ni wakati wenyewe. Katika swingi, pigo hugawanywa sehemu mbili zisizo sawa, ya kwanza ndefu na ya pili fupi. Vitabu vya wanaoanza husema uwiano ni mbili kwa moja, lakini mpigaji wa jazi hashiki uwiano mmoja. Muziki ukienda polepole tofauti hupanuka. Ukienda kasi sehemu hizo mbili hukaribia kulingana. Tena si kila ukurasa wa Kapustin unataka swingi. Prelude, kwa mfano, inataka mapigo yaliyonyooka yenye mikazo ya kukwepa. Mpigaji lazima ajue lini alegeze na lini anyooshe, na jambo hilo haliandikiki kwa nota.

Kapustin mwenyewe alisema wazi kwamba hakujiona mwanajazi, na kwamba kubuni papo hapo hakukumvutia. Alipenda kuandika na kurekebisha mpaka kazi ikamilike. Wengi husimama hapo wakahitimisha kwamba kazi zake ni za karatasi, kwa hiyo zinaweza kujifunzwa kwa karatasi. Wanasahau sehemu nyingine ya maisha yake. Kuanzia 1961 hadi 1972 alikuwa mpiga piano wa okestra ya jazi ya Oleg Lundstrem, akizunguka nayo huko na huko. Kwa miaka 11 alikaa katikati ya ngoma, besi na tarumbeta, na Opus 40 ilikuja baadaye. Aliyoyaandika aliyasikia kwanza akiwa na watu.

George Gershwin anatuonyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo. Tarehe 12 Februari 1924, Rhapsody in Blue ilipopigwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Aeolian Hall, New York, pamoja na okestra ya Paul Whiteman, baadhi ya kurasa za piano zilikuwa bado hazijaandikwa, na Gershwin alizipiga kutoka kichwani. Karatasi ilikuja nyuma ya muziki. Anayejifunza leo anaanzia mwisho wa safari hiyo, kwenye karatasi, na inambidi arudi nyuma kuutafuta muziki uliotangulia.

Sikio la Sharqiyah na la Dakhiliyah

Je, sikio la hapa lina nini cha kumsaidia? Sur ilikuwa bandari ya majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, yakarudi na kusi. Pamoja na mizigo yalirudi mapigo. Leiwa inayochezwa Sur na katika pwani ya Oman ina asili ya Afrika Mashariki: zumari inaongoza, ngoma zinajibizana huku kila moja ikishika njia yake, na katika nyimbo zake yamo maneno ya Kiswahili. Kwa Wazanzibari wa Oman ipo pia chakacha, inayosikika katika taarab na katika harusi, ambayo sikio laweza kuihesabu kwa mbili au kwa tatu bila kukosea. Nizwa na vijiji vya Dakhiliyah vina razha, ambamo ngoma mbili, rahmani na kasir, huandamana na mashairi na panga.

Tusitie chumvi. Leiwa si jazi, na mtoto aliyekulia Sur hazaliwi na swingi mfukoni. Mapigo ya chakacha na ya swingi ni ya ukoo wa mbali, na mtu anaweza kulijua moja vizuri akababaika na la pili. Kinachohamishika kutoka ngoma hizi kwenda kwenye piano ni uwezo wa kushika njia yako wakati mwenzako anavuta upande mwingine, bila kumfuata na bila kumpoteza. Uwezo huo ndio tabaka la pili la ugumu tulilolieleza, na wanafunzi wengi wa piano duniani hutumia miaka kuutafuta kwa metronomu.

Kuna jambo ambalo sikio la hapa halilipati kwa urahisi. Muziki wa Kiarabu na taarab ya asili umejengwa juu ya mahadhi: sauti moja inayosafiri, inayopambwa, inayozunguka kituo chake. Jazi imejengwa pia juu ya sauti nyingi zinazopigwa kwa wakati mmoja na kubadilika haraka, mara nyingine katika kila pigo. Mwanafunzi aliyekulia kwenye ala za oud na kanuni ataisikia mara moja sauti ya mkono wa kulia inayoruka juu, lakini ardhi inayohama chini yake hataisikia. Hapo ndipo penye kazi kubwa, na haifanyiki kwa kasi: ni kukaa na sauti nne au tano za mkono wa kushoto, kuziimba kutoka chini kwenda juu, na kujua kila moja inataka kwenda wapi.

Kwa upande mwingine, mahadhi yanampa zawadi ambayo wengine hawana. Bluzi, mama wa jazi, ina sauti zinazokaa katikati ya vitufe, na piano haiwezi kuzipiga. Wanajazi huzikaribia kwa kugusa vitufe viwili vya jirani kwa mpigo mmoja, kimoja kikiteleza kwenda kwa mwenzake, na maandishi ya Kapustin yamejaa miteremko hiyo midogo. Aliyezoea robo za sauti za oud anaelewa mara moja miteremko hiyo inatafuta nini, kwa hiyo haipigi kama pambo lililobandikwa.

Ala, hewa na barabara

Sasa tuje kwenye yale ambayo fedha inaweza kuyatatua. Piano ya kawaida ina vitufe 88 na nyuzi zipatazo 230, na chini ya nyuzi hizo kuna ubao wa sauti uliotengenezwa kwa mti laini. Ubao huo hunywa unyevu wa hewa ukavimba, sauti ikapanda. Hewa ikikauka husinyaa, sauti ikashuka. Mafundi hushauri unyevu wa chumba ukae karibu na asilimia 40 hadi 50 na usibadilikebadilike. Sur iko baharini, Nizwa na Ibra ziko bara katika hewa kavu, na kote kiyoyozi huwashwa na kuzimwa. Piano ya mbao katika nyumba kama hizo hupoteza ulinganifu wake haraka, na fundi wa kutyuni hukaa penye piano nyingi, yaani Muscat. Kutoka Nizwa au Ibra hadi huko ni kilomita 150 au zaidi kidogo. Kutoka Sur ni kama 200.

Kwa sababu hiyo piano ya umeme yenye vitufe vizito ni chaguo la busara, wala mzazi asione haya. Haipotezi ulinganifu, na mwanafunzi anaweza kuvaa vipokea sauti masikioni akapiga usiku bila kumsumbua jirani. Ila achague kazi kwa kuangalia ala aliyonayo. Mwaka 1821 ilitolewa hataza ya mtambo wa Sébastien Érard unaoiwezesha nyundo ya piano ya kulala kupiga tena kabla kitufe hakijarudi juu kabisa. Piano ya kusimama kwa kawaida haina mtambo huo, na piano za umeme za bei nafuu mara nyingi hazisomi mguso wa pili unaokuja haraka hivyo. Anayejifunza Toccatina kwenye ala ya namna hiyo atalaumu vidole vyake kwa kosa la mashine. Prelude, au zoezi jingine liitwalo Pastorale, zitamtendea haki zaidi, kwa kuwa ugumu wake hautegemei sana mtambo huo.

Kuhusu mwalimu, hali si mbaya kama ilivyokuwa. Okestra ya Kifalme ya Oman iliundwa mwaka 1985 kwa amri ya Sultan Qaboos, ikawachukua vijana wa Kiomani, wa kiume na wa kike, kutoka pande mbalimbali za nchi na kuwafundisha tangu mwanzo. Mwaka 1987 ilikuwa tayari jukwaani. Jumba la Opera la Kifalme lilifunguliwa Muscat mwezi Oktoba 2011, na limekwisha kuwapokea wanajazi wakubwa, Wynton Marsalis na okestra ya Jazz at Lincoln Center wakiwamo. Tangu 2020 bodi ya mitihani ya ABRSM ya Uingereza inakubali mtihani wa video uliorekodiwa nyumbani, kwa hiyo kijana wa Ibra anaweza kupanda madaraja bila kusafiri. Masomo kwa njia ya intaneti nayo yamezoeleka, ingawa sauti huchelewa kidogo njiani na hivyo mwalimu na mwanafunzi hawawezi kupiga pamoja.

Mtihani na masomo ya skrini, hata hivyo, vina kasoro moja: vyote humwacha mwanafunzi peke yake chumbani. Kwa Bach au Chopin, upweke huo unavumilika. Kwa muziki uliozaliwa katika bendi, unanyima jambo la msingi.

Mazoezi yanayofaa

Kinachofuata ni utaratibu ambao walimu wengi wa muziki wa namna hii wangeukubali, pamoja na yale ambayo mazingira ya hapa yanaongeza.

Kwanza, kusikiliza kabla ya kugusa. Kapustin alijirekodi mwenyewe akipiga kazi zake, na rekodi hizo zina thamani kuliko maelezo yoyote. Msikilizaji apige makofi kwenye pigo la pili na la nne mpaka mkono usimame wenyewe mahali pake. Baada ya hapo ndipo asome nota.

Pili, mkono wa kushoto peke yake, kwa muda mrefu kuliko anavyopenda mwanafunzi. Aupige mpaka aweze kuzungumza huku ukiendelea. Mdundo wa kushoto ukitegemea wa kulia ili ukae sawa, siku ya jukwaani yote mawili yataanguka.

Tatu, metronomu itumike kwa ujanja. Ikigonga kila pigo, inambeba mwanafunzi. Ikiwekwa igonge pigo la pili na la nne tu, inamlazimu mengine ayabebe mwenyewe. Baadaye igonge mara moja kila baada ya vipimo viwili. Hapo ndipo ataona kama anakimbia au anachelewa.

Nne, kazi igawanywe vipande vifupi, na kila siku aanze na kipande tofauti. Wanaoanza siku zote na ukurasa wa kwanza huujua ukurasa huo kama jina lao, na kadiri wanavyosonga mbele ndivyo wanavyozidi kukisia.

Tano, atafutwe mwenzake. Hapa ndipo Sharqiyah inapoweza kutoa kile ambacho konsevatori nyingi hazina. Mpiga ngoma wa Sur ambaye hajawahi kusikia jina la Kapustin anaweza kukaa kando ya piano akashika pigo thabiti, na kwa robo saa akamwonyesha mpiga piano kila mahali anapokimbilia. Mpiga gitaa la besi wa bendi ya harusi anaweza kuushika mstari wa mkono wa kushoto, mwanafunzi akabaki na wa kulia, kisha wabadilishane. Haihitajiki wawe wanajazi. Inahitajika wawe watu wasiomsubiri anapokosea.

Tumekwisha kulifanya hili

Historia ya muziki wa Waswahili inatuonyesha njia. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim nchini Misri kujifunza kanuni. Kanuni ni ala ngumu na ilikuwa ngeni. Lakini haikushika mizizi Unguja kwa sababu mtu mmoja aliimudu. Iliishika kwa sababu vilitokea vikundi, Ikhwani Safaa cha mwaka 1905 kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, na vikundi vilikuwa na mashairi, siku za kukutana na wasikilizaji waliojua wakati wa kutunza. Fidla na akodiani zilipita mlango huo huo.

Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefuata mantiki hiyo. Taarab, kidumbak na muziki wa kimataifa hufundishwa chini ya paa moja, wanafunzi hupiga pamoja, na kutokana na kuchanganyika huko vimezaliwa vikundi kama Siti and the Band.

Wanajazi wenyewe walikwisha kuiona njia ya kuelekea upande wetu. Mwezi Novemba 1960 Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, alirekodi albamu ya Uhuru Afrika, na katika ufunguzi wake Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasoma kwa Kiswahili maneno ya Langston Hughes. Jambo la kulizingatia zaidi ni namna Weston alivyoipanga piano yake: aliizungushia wapiga ngoma, Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Cuba wakiwamo. Hakuitenga ing'are peke yake.

Mbele ya watu

Kupiga hadharani ni mtihani mwingine. Moyo ukienda mbio, kasi hupanda bila mpigaji kujua, na kazi ambayo tayari iko kwenye ukingo wa uwezo huvuka ukingo. Kinga yake ni kuanza chini kidogo ya kasi ya mazoezi, baada ya kuisikia besi kichwani kabla mikono haijashuka. Kumbukumbu ya vidole nayo ndiyo ya kwanza kusaliti. Anayejua ardhi ya kila ukurasa, sauti za mkono wa kushoto zinakotoka na zinakokwenda, akipotea anaweza kuruka hadi kituo kinachofuata na wasikilizaji wasitambue. Anayetegemea vidole tu atalazimika kurudi mwanzo.

Jukwaa nalo si lazima liwe Muscat. Sabla na majlisi ni mahali ambapo watu wa Dakhiliyah na Sharqiyah wamezoea kukutana. Wapo watakaouliza kama piano ina nafasi katika mji wa elimu ya dini kama Nizwa. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki, na familia zinazojizuia zinastahili heshima yao. Katika familia zilizokwisha kuridhia, tatizo linalobaki ni la mazoea: mgeni amezoea kusikia mashairi na ngoma za kundi, hajazoea mtu mmoja anayeshughulika na ala kwa dakika tatu bila neno. Mpigaji aeleze kwa ufupi atakachopiga, na atangulize wimbo unaojulikana, ikiwezekana wa taarab aliouandalia piano mwenyewe. Sikio la msikilizaji likishaizoea ala, Kapustin atasikilizwa.

Wengine watasema: kwa nini kuhangaika na Mrusi aliyeiga Wamarekani, wakati Oman ina oud, na ina chama cha wapenzi wa oud tangu 2005? Oud haipungukiwi kitu kijana mmoja akipiga piano. Na muziki wa pwani yetu haukuwahi kukua kwa kufunga milango. Leiwa yenyewe ilifika Sur kwa jahazi.

Tukijumlisha, mpangilio wa mahitaji unageuka. Familia nyingi hutanguliza ala, kisha mwalimu, kisha mtihani, na suala la wenzake wa kupiga nao halifikiwi kabisa. Kwa muziki huu, ala ya wastani yenye vitufe vizito inatosha, mwalimu wa mbali anatosha, na mtihani unaweza kungoja. Kisichoweza kungoja ni jioni moja kwa wiki pamoja na mtu wa ngoma na mtu wa besi. Shule, klabu ya chuo kikuu cha Nizwa au cha Ibra, au mzazi mwenye sebule pana, anaweza kuipata jioni hiyo kwa gharama ndogo kuliko kutyuni piano mara moja. Kapustin alipewa miaka 11 ya namna hiyo kabla ya kuandika kazi hii, na si haki kumtaka kijana wa Ibra aipige bila kumpa hata msimu mmoja.